Jicho la Kushoto la Mama Konyeza

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, konyezeni jicho la kushoto. La kushoto tu. Hakuna anayewaona. Asanteni. Hivyo ndivyo daktari tunayemkumbuka leo alivyoanza kila kipimo, kwa miaka ishirini na sita.

Alikuwa mtafiti wa ubongo na magonjwa ya akili. Wengi walimjua kama Mama Konyeza. Chumba chake cha kazi kilikuwa na kiti kimoja cha mgonjwa, kompyuta moja, na kofia ya nyaya inayosoma mawimbi ya ubongo. Kabla ya kupimwa, mgonjwa aliombwa akonyeze jicho la kushoto mara tano. Watafiti chipukizi aliowalea, kumi na tisa kwa jumla, aliwataka wafanye vivyo hivyo. Walinung'unika. Wagonjwa walicheka. Mzee mmoja aliuliza, "Daktari, mke wangu akinikuta hapa nakukonyeza, utanitetea?"

Wa mwisho kati ya hao kumi na tisa aliitwa Kitindamimba. Binti huyu alipima watu sitini na mmoja wenye sonona, ule mzigo wa huzuni usiotua. Alitaka kujua ni upande gani wa ubongo wao unaozubaa, wa kulia au wa kushoto. Kazi ya miaka miwili.

Siku moja, akisafisha kofia, aligundua kuwa plagi mbili zimechomekwa kinyume. Ya kulia iko kushoto, ya kushoto iko kulia. Tangu mgonjwa wa kwanza. Na aliyezichomeka ni yeye mwenyewe.

Wasikilizaji, swali lake lilikuwa upande. Na upande ndio uliokosewa.

Mwenzake wa meza ya jirani alimnong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite. Nani atajua?" Kitindamimba hakufunika, wala hakufunua. Alikaa na siri hiyo wiki tatu. Mwishowe akaandika barua ya kuacha kazi. Akaipeleka nyumbani kwa mwalimu wake, ambaye wakati huo alikuwa hatoki tena kitandani.

Binti wa marehemu alikuwepo. Anasimulia: "Yule dada alilia kabla hata hajaketi. Mama akamwacha amalize. Kisha akauliza neno moja tu: 'Uliwakonyezesha?' Akajibu, 'Ndiyo, mama. Wote.' Mama akasema, 'Sasa unalilia nini, mwanangu? Fungua kompyuta.'"

Jicho likikonyeza, msuli wake huacha alama kubwa kwenye kipimo, upande ule ule wa jicho. Wakatazama kipimo cha mgonjwa wa kwanza. Alama ilikuwa kulia. Wa pili, kulia. Wote sitini na mmoja, kulia, ilhali wote walikonyeza la kushoto. Kosa lilikuwa moja, halikubadilika, na ushahidi wake upo. Kurudisha pande mahali pake kulichukua alasiri moja. Hakuna kipimo hata kimoja kilichotupwa.

"Mama alicheka mpaka akakohoa," anasema binti yake. "Akamwambia, 'Mimi nilitupa mwaka mzima kwa kosa hilo hilo. Sikuwa na alama, wala sikuwa na mtu wa kumwambia. Wewe liandike kwenye ripoti, wazi. Na hiyo barua nipe, nifutie miwani.'"

Alifariki siku tisa baadaye, asubuhi, usingizini. "Tumelia," anasema mdogo wa marehemu, "lakini tumeshusha pumzi pia. Maumivu yamekwisha. Na hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba yule wa mwisho atakimbia."

Hakukimbia, wasikilizaji. Jumatatu hii amempokea mtafiti mpya, katika chumba kile kile. Kabla ya kumwonyesha kofia, alimwambia, "Mimi nilichomeka hizi kinyume, kwa watu sitini na mmoja. Wewe ukikosea, njoo kabla chai haijapoa."

Tunampa pole binti yake, tunampa pole mdogo wake, na wale kumi na tisa aliowalea. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize: mdogo wako akikosea leo, atakukimbilia au atakukimbia?