Mama Kifungu na Jengo la Kale

Jana, tarehe 30 Juni, mwanasheria wa chuo chetu alistaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Nimeombwa kuandika wasifu wake katika ratiba hii ya kumuaga, niandike mazuri matupu na nisimkwaze mtu. Mazuri yapo tele. Hilo la kutomkwaza mtu, mniwie radhi.

Alianza kazi akiwa karani wa masijala, katika chumba kilichopakana na pampu ya maji. Jioni alipanda ngazi za mbao za Jengo la Kale, akasoma sheria pamoja na wauguzi, mafundi umeme na akina mama waliokuja na watoto mgongoni. Masomo hayo ya jioni yapo hadi leo, na hayana ukumbi mwingine. Mumewe, fundi seremala, alizikarabati ngazi hizo kwa mikono yake, akawa anamngoja hapo chini hadi kipindi kiishe.

Jina la Mama Kifungu tulimpa sisi. Hata chai ya saa nne ikichelewa, alikuwa na kifungu chake. Tulimcheka, kisha tukikwama tulikuwa wa kwanza kugonga mlango wake.

Sasa tuje kwa Mkurugenzi wetu wa Miliki. Sisi tukilitazama Jengo la Kale tunaona madarasa. Yeye anaona hoteli. Sheria yenyewe ni fupi, mtoto wa darasa la sita angeielewa: jengo la umma lililo kwenye orodha ya urithi haliuzwi, wala halipangishwi zaidi ya miaka mitatu, bila idhini ya Bodi ya Urithi, na kabla ya idhini, tangazo libandikwe kwenye mlango wa jengo ili wananchi walisome na mwenye pingamizi aipeleke kwa Bodi.

Mkurugenzi akaja na werevu wake. Alileta mikataba kumi ya miaka mitatu mitatu, yote ya kusainiwa siku moja, kila mmoja ukianzia pale mwenzake unapoishia. Mama Kifungu aliisoma yote, akavua miwani, akauliza kama kuna mtu humu chuoni anayedhani Bodi hawajui kujumlisha. Mikataba ikarudi ilikotoka.

Safari ya pili akabandika tangazo kweli. Mlangoni, ndiyo. Kwa ndani! Wakati wa likizo, jengo limefungwa kwa kufuli! Waliolisoma ni popo. Alipobanwa, alisema kwa uso mkavu kwamba mlango ni mlango. Huyu mtu hana mshipa wa aibu, na nalisema hili nikiwa na akili zangu timamu. Mama Kifungu aliomba ufunguo, akapiga picha, akalishauri Baraza la chuo lisitishe maombi ya idhini, nalo likasitisha. Tangu siku hiyo Mkurugenzi hakumjibu hata salamu.

Akabadili mbinu, akaamua kumsubiri aondoke. Mama Kifungu alipoomba aongezewe mwaka mmoja, kama wengi wanavyoongezewa, Mkurugenzi alilishawishi Baraza limkatalie. Eti chuo kinahitaji damu changa. Na tazama bahati: tangazo jipya limebandikwa, safari hii kwa nje, na pingamizi zinaanza kupokelewa leo, siku ya kwanza asiyokuwa ofisini. Pasipo pingamizi, Bodi itapitisha. Ndiyo maana keki ya leo ni kubwa kuliko ya harusi ya mwanangu, na Mkurugenzi amejitolea mwenyewe kutoa hotuba.

Bwana Mkurugenzi, kuna jambo hukumuuliza mwanasheria wako. Mtumishi wa chuo haruhusiwi kupeleka pingamizi dhidi ya mwajiri wake. Miaka yote hiyo Mama Kifungu aliweza kushauri tu, nanyi mkiamua kuziba masikio alikuwa hana la kufanya. Ungempa ule mwaka mmoja, leo angekuwa bado amefungwa mdomo. Wewe mwenyewe umemfungua. Tangu asubuhi hii yeye ni mwananchi, na mwananchi mmoja akipinga, Bodi lazima isikilize shauri hadharani.

Kwa hiyo wageni wetu msishangae kukiona kiti cha mbele kitupu. Ofisi ya Bodi inafunguliwa saa mbili, na foleni yake mnaijua. Atafika, keki imsubiri.

Dada yetu, ahsante kwa yote. Tunakuombea afya njema na pumziko refu, ukishatoka huko.