Nilihesabu Majina, Habari Sikusoma

Bwana Yesu asifiwe. Naona watu wa kwaya wameanza kucheka hata sijafungua mdomo. Chekeni tu, siku hizi na mimi nacheka. Mchungaji ameniomba niwasimulie wageni wetu, hasa ninyi mliotoka Wasso mkala vumbi siku nzima, jinsi mzee wa kanisa mwenye mvi hizi alivyokaribia kumpoteza shemeji yake kwa ajili ya waimbaji wawili ambao hakuwahi hata kuwaona. Majina ya watu sitataja. Shemeji mwenyewe ni yule pale anayejifanya anatafuta wimbo kitabuni.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro. Nilikuja Karatu kijana, nikafungua duka dogo la spea za magari ya watalii. Baadaye dada yangu alinifuata, akaolewa na Mwiraqw mmoja mkulima wa kahawa kule Oldeani. Mungu alinipa shemeji aliyekuwa zaidi ya ndugu. Kila Jumamosi alishuka na lori la kahawa, akavua buti zake za matope mlangoni kwangu, tukala makande, kisha tukaenda pamoja mazoezi ya kwaya. Mimi niliimba sauti ya tena, yeye besi. Miaka mingi tuliishi hivyo, bila neno.

Sasa, wakati ule kanda zilikuwa zinaondoka na CD zinaingia, na kulikuwa na dada wawili waliovuma nchi nzima kwa nyimbo za injili. Mmoja sauti yake ilikuwa nene, ukimsikia unahisi benchi linatetemeka. Mwingine sauti yake nyembamba, inapanda mpaka unamwonea huruma. Tuwaite hivyo hivyo, Sauti Nene na Sauti Nyembamba. Mimi nilikuwa wa Sauti Nene. Shemeji alikuwa wa Nyembamba.

"Shemeji," aliniambia siku moja mezani, "huyo wako anaimba kama lori linapanda mlima wa Rhotia."

"Na wako anaimba kama filimbi ya trafiki," nikamjibu. "Mtu anasimama kwa woga, siyo kwa kubarikiwa."

Dada yangu alicheka hadi akaweka kijiko chini. Ulikuwa utani mtamu. Ndugu zangu, nawaambia, utani ule ungebaki pale mezani, leo nisingekuwa na la kushuhudia.

Kwaya yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na kamati iliamua tualike mwimbaji mmoja mgeni. Mmoja tu. Kwaya ikagawanyika katikati na, Mungu atusamehe, wengine wakahama viti. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Nikasema kwa sauti ya hekima, "Tumwalike anayependwa na wengi." Kumbe moyoni nilikwisha kumchagua, natafuta ushahidi tu.

Karibu na stendi kulikuwa na chumba cha intaneti. Watalii walitoka kreta wakaingia humo kuwaandikia wenzao kwamba wamemwona simba. Nikaingia na mimi, kofia mkononi.

"Shikamoo babu. Unamwandikia nani?" akauliza binti mwenye chumba.

"Marahaba. Simwandikii mtu. Nataka kujua kati ya hawa wawili nani anatajwa zaidi duniani."

Yule binti hakunicheka. Alinifungulia anwani ya barua pepe, akaiagiza mashine kwamba kila jina la dada mmoja au mwingine likiandikwa mahali, iniletee barua yenye orodha. "Babu, hata ukilala yenyewe inatafuta," akasema.

Hapo ndipo nilipoanguka. Sikunywa pombe, sikuiba, lakini nilianguka. Kwanza nilikwenda Jumamosi tu. Baadaye Jumatano pia. Baadaye mteja anasubiri breki dukani, mimi niko stendi nahesabu. Miwani yangu ilikuwa imepasuka kioo kimoja, kwa hiyo kusoma sikusoma. Niliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta nikashuka nacho: jina, jina, jina. Sauti Nene akiongoza, niliimba njiani. Nyembamba akiongoza, nilimuuliza binti kama mashine ina hitilafu. Wagonjwa niliopaswa kuwatembelea kama mzee wa kanisa niliwaambia nitakuja kesho. Kitabu cha sala kilikaa dirishani, kuku wa mke wangu akatagia juu yake. Hilo ni kweli, mke wangu yupo hapa, mwulizeni.

Na shemeji akija, sikumwachia nafasi ya kuvua buti. "Wiki hii wako ameshindwa," ndiyo ilikuwa salamu yangu. Siku moja akaniambia kwa upole, "Shemeji, mama yangu anaumwa, nilidhani utaniuliza habari zake." Nikasema pole, kisha nikaendelea na hesabu yangu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Makande yakapoa. Iliyofuata pia hakuja. Mke wangu akasema, "Sasa umebaki na huyo Sauti Nene wako. Mwite aje ale."

Mnajua kwamba baada ya ibada tunafanya mnada nje, wa ndizi, miwa, mayai na kuku walioletwa kama sadaka. Mnadishaji alikuwa mimi. Jumamosi moja nilikuta orodha ya Sauti Nene imejaa ukurasa mpaka chini, na mwingine, na mwingine. Sijawahi kuona. Nikamwomba binti aichapishe. Akaanza kusema, "Babu, lakini umeona kwamba..." Sikumsubiri. Nilishafika barabarani.

Jumapili, katikati ya mnada, nimeshika jogoo mkono huu na karatasi mkono huu, nikatangaza: "Kanisa! Kabla ya jogoo huyu, nina habari njema! Dada yetu Sauti Nene wiki hii ametajwa kuliko wakati wowote! Nani kama yeye?" Upande wangu ukapiga vigelegele. Kina mama wakapunga khanga. Nami nikarukaruka kidogo, na jogoo wangu.

Shemeji akatoka nyuma ya umati, akanyoosha mkono. "Naomba hiyo karatasi."

Nikampa kwa kiburi. Akasoma mstari wa kwanza kimya. Kisha akasoma kwa sauti ile ya besi, polepole: "Tumwombee dada yetu, amepata ajali ya gari, hali yake si nzuri." Mstari wa pili: "Ee Mungu, mponye." Wa tatu vivyo hivyo. Kurasa zote zile zilikuwa maombi ya watu.

Jogoo akaniponyoka, akakimbilia kwenye mahindi, na hakuna aliyemfuata.

Nilingoja shemeji anifedheheshe. Alikuwa na haki. Badala yake alivua kofia, akapiga magoti kwenye nyasi, akamwombea Sauti Nene, mwimbaji ambaye hakumshabikia hata siku moja. Nami nikapiga magoti. Ndugu zangu, pale ndipo Mungu aliponigeuza.

Nilimwomba Mchungaji nitubu mbele ya usharika. Akasema, "Utatubu. Ila anzia Oldeani."

Nikapanda Oldeani. Nilianza kwa mama yake, nikakaa naye, nikamsomea zaburi, akanishika mkono asiuachie. Kisha nikamfuata shemeji shambani. Hakuniambia karibu wala ondoka. Alinipa kikapu. "Chuma kwanza." Nikachuma mpaka mgongo ukauma, nikamletea kikapu kimejaa. Akachungulia ndani, matunda mekundu na mabichi yamechanganyika.

"Umeanza tena," akasema. "Unajaza tu, huangalii."

Akajaribu kununa, akashindwa. Tulicheka hadi dada yangu akatoka jikoni kuona kuna nini. Nikasema, "Shemeji, nisamehe." Akasema, "Nilishakusamehe kwenye nyasi. Hiki kikapu ni cha makande niliyokosa."

Nikarudi kwa yule binti, safari hii sikuhesabu. Tukamwandikia Sauti Nene barua, nikakiri yote, hata jogoo. Miezi ikapita, nikajua hatajibu. Akajibu. Aliandika kwamba alicheka mpaka mbavu zilizovunjika zikamkumbusha zipo. Kisha akaandika neno hili, nalisema kama lilivyo: "Baba, huyo mnayenishindanisha naye ndiye aliyekuwa akininywesha uji hospitalini. Tunasali pamoja tangu tukiwa wasichana."

Jubilei hatukualika yeyote. Tuliimba wenyewe, tena na besi, na watu walibarikiwa.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru mke wangu, binti wa stendi ambaye sasa namsikiliza akisema "lakini", Mchungaji, na mama wa Oldeani. Neno langu kwenu ni hili: mkilikuta jina la mtu popote, jueni nyuma yake kuna mtu, muulizeni hali yake kwanza.

Na sasa, shemeji, acha hicho kitabu. Simama tuimbe.