Jina Ambalo Halikuwa Kwenye Skripti

MWANAMIZE: Haloo? Nani mwenzangu?

ANFAL: Mimi Anfal. Shikamoo, shangazi.

MWANAMIZE: Marahaba. Namba ya nani tena hii?

ANFAL: Ya Parth, mpiga picha wetu. Yangu imeisha chaji. Umefika salama Kigamboni?

MWANAMIZE: Nimefika, lakini kwenye pantoni watu walinikimbia! Hiyo damu yenu ya filamu haitoki shingoni.

ANFAL: (anacheka) Juisi ya rozela tu hiyo, na uji wa muhogo.

MWANAMIZE: Mama mmoja kaniuliza, “Dada, nani kakufanyia hivi?” Nikamjibu, mimi ndiye niliyemfanyia mtu.

ANFAL: Na kweli! Filamu zote za kisasi za Kijapani nilizoangalia, damu zinaruka mpaka darini, sijaona mjane anayekata kama wewe. Umeifyeka shingo ile sanamu ya kuvalishia nguo, mali ya watu! Kichwa kimebingirika ngazi zote mpaka dukani chini.

MWANAMIZE: Si ulisema nitie hasira?

ANFAL: Nilisema kidogo, shangazi. Sasa... nimepiga kwa ajili ya sauti. Pale unapokata ulitakiwa useme, “Hii ya mume wangu.”

MWANAMIZE: Nikasema.

ANFAL: Ulisema, “Hii ya duka langu, Humoud!”

MWANAMIZE: Haloo? Mtandao unakwaruza.

ANFAL: Unanisikia vizuri tu.

MWANAMIZE: Kwani Humoud si jina la Kijapani?

ANFAL: Shangazi wee!

MWANAMIZE: Basi futa. Shemeji yangu yule, ndugu wa marehemu. Na katuazima paa lake tupigie filamu—

ANFAL: Paa la nani?

MWANAMIZE: Futa, Anfal. Tangu tumzike mume wangu, yeye akalishika lile duka, sijamtamkia neno. Nije kumtamkia kwenye sinema?

ANFAL: Kufuta nitafuta. Ila mwenyewe kasikia.

MWANAMIZE: Nani kasikia?

ANFAL: Ami Humoud. Tulikuwa tunairudia kwenye kompyuta, sauti juu. Kugeuka, yuko mlangoni kashika kile kichwa, anaturudishia.

MWANAMIZE: Yarabi! Akasemaje?

ANFAL: Akakaa juu ya ndoo. Baadaye sana akauliza, “Huyu mama, mwisho wa filamu anarudishiwa duka lake?”

MWANAMIZE: Na wewe na mdomo wako—

ANFAL: Nikamwambia kwa Wajapani hakuna cha kurudishiwa, wanakufa wote. Akasema, “Hapa Kariakoo, mwanangu. Japani mbali.” Akashuka.

(Mwanamize anavuta kamasi)

ANFAL: Shangazi? Unalia?

MWANAMIZE: Rozela imeniingia machoni.

ANFAL: Si iko shingoni?

MWANAMIZE: Mtoto huna adabu wewe! Hebu ngoja... kuna simu nyingine inaingia.

ANFAL: Nani?

MWANAMIZE: Yeye.

ANFAL: Pokea!

MWANAMIZE: Naogopa.

ANFAL: Yule mama mwenye upanga kaenda wapi?

MWANAMIZE: Yule wa kwako. Mimi nimwambie nini?

ANFAL: Hujapiga wewe, kapiga yeye. Msikilize kwanza.

MWANAMIZE: Na akigomba?

ANFAL: Mtu wa kugomba angegombea hapa hapa juu, mbele yetu. Pokea, shangazi, na salio la Parth lina—

MWANAMIZE: Anfal? Anfal! Imekatika. Bismillahi... (anapokea simu nyingine) Haloo? Ndiyo, shemeji. Ni mimi. Nakusikia.