Nusu Saa ya Victorine

Nday, Lucienne, musogee hapa kando ya kitanda, mufunge mulango, kwa sababu mama yenu yuko jikoni anaosha sahani, na ninayosema yanamuhusu.

Nyumba haiko yangu, ni ya commune, serikali ya mutaa, ambayo juzi imejibu barua yangu ya mwaka juzi. Donc nikifa hakuna cha kugombania. Ninaacha kitu kimoja, na hicho nilikiiba.

Munamukumbuka Monsieur Behar wa mutaa wa Porte de Namur, yule muzee Muyahudi ambaye mama yenu alimuhudumia. Alizaliwa Lubumbashi kama sisi, akamuongelesha Kiswahili chenye adabu kuliko changu. Kila Desemba, jioni nane, mama yenu alichelewa nusu saa. "Tulikuwa tunaangalia mishumaa." Mishumaa! Siku moja nikamufuata, nikasimama kwenye baridi, nikawaona dirishani: taa ya matawi, muzee, na Victorine, mikono juu ya magoti, hafanyi kitu. Batoto yangu, miaka thelathini ya ndoa sijawahi kuona mikono ile imetulia. Nilirudi nyumbani na wivu.

Nikaenda maktaba kumutafutia muzee makosa. Hanuka, sikukuu yao ya taa, mafuta ya siku moja kuwaka siku nane hekaluni, hilo nililijua. Sikujua kwamba mwanga ule wa Hanuka ni wa kutazama tu, haufanyi kazi hata ya kusomea barua, na kwa desturi yao mwanamuke hagusi kazi ile nusu saa unawaka. Tena waalimu wao waliuliza: kama mafuta yalitosha siku ya kwanza, muujiza wa siku ile uko wapi? Wengine wakajibu: ni kwamba waliwasha, wakijua hayatatosha. Bon, muzee alikuwa na haki, na hilo liliniuma zaidi. Fomu ya ofisi iliyomutuma mama yenu kwa muzee ilikuwa na visanduku vya kuogesha, dawa, chakula. Cha kutulia hakikuwepo, kwa ile nusu saa wakaandika "sababu haijulikani".

Alipokufa alimuachia mama yenu ile taa. Ililetwa niko peke yangu. Nikatia sahihi, nikaificha kule kave, chini ya nyumba, nyuma ya sanduku tulilotoka nalo Lubumbashi. Miaka kumi na moja mama yenu anadhani muzee alimusahau.

Mumupe. Sisi ni Wakristo, sisemi muchukue sikukuu ya watu. Lakini Desemba, jioni nane, nusu saa, muntu yeyote asimuombe hata maji ya kunywa. Nday, na wewe una mikono. Mungu awape macho ya kuona mapema kuliko mimi, ambaye hata sasa... ninamuonea wivu yule muzee.

Fungua mulango. Victorine! Acha sahani, kuja ukae. Hapana, usinifunike... kaa tu. Mikono hapo, juu ya magoti. Alors... niitazame.