Radosveta Karadzhova na Mstari Wake wa Miaka Miwili

Dada yangu Radosveta alizaliwa Gabrovo tarehe 14 Oktoba 1959, mtoto wa kwanza wa Dimo, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo, na mkewe Nedelya. Mimi Lyuben ninayesoma haya ni mdogo wake wa pekee. Sisi wa Gabrovo tunataniwa kwa ubahili, naye hakututia aibu. Akiwa na miaka saba alikuwa akisuuza chupa ya mtindi kwa maji kidogo, anayanywa, kisha ananigeukia: "Wewe Lyubo, umeacha chakula cha mtu mzima humu!"

Alisoma shule papa hapa, kisha uchumi huko Svishtov, akahitimu mwaka 1982. Miaka miwili baadaye aliolewa na Ognyan, mwalimu wa muziki. Ognyan anasema alipomposa alijibiwa kwa swali moja tu: "Lakini taa unazima ukitoka chumbani?"

Kwa miaka ishirini na mitatu alifanya kazi Sofia, katika tume inayoamua serikali ilipie dawa zipi za saratani. Dawa nyingi mpya humfaa mgonjwa ambaye uvimbe wake una alama fulani kwenye vinasaba. Asiye nayo humeza bila faida, na muda wake unakwisha. Radosveta alipigania serikali ilipie kwanza kipimo cha alama hiyo, akashinda. Ila vipande vya uvimbe vilivyokatwa wakati wa upasuaji na kukaa sana kabatini vilikuwa vikitoa majibu yasiyosomeka, naye upotevu hakuuvumilia. Akaongeza mstari mmoja kwenye kanuni: kipande kisizidi miaka miwili.

Saratani ya mapafu ilimpata mwaka 2019, akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu. Ilirudi Septemba 2023. Kipande chake kilikuwa na miaka minne, na kwa hali ya mapafu yake madaktari hawakuthubutu kumchoma sindano wachukue kingine. Mwenzake wa ofisini alikuja kumwona, akamnong'oneza mbele yangu, "Dada Rada, tubadilishe tarehe tu. Nani atajua?"

"Na yule wa kijijini asiye na mtu ofisini, atabadilishiwa na nani?" akamjibu. "Futeni mstari, tarehe iacheni."

Nilimfokea dada mpaka Ognyan akanitoa nje. Nilikasirika sana, na hata leo hasira haijaniisha.

Maombi ya kuufuta aliyaandika kitandani, akionyesha kwamba maabara za sasa zinasoma hata vipande vya miaka kumi. Mstari ulifutwa kuanzia tarehe 1 Februari 2024. Kipande chake kikapanga foleni kama vya wengine. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 19. Majibu yamefika jana: alama ilikuwepo.

Ameacha mume, Ognyan, binti, Yoana, mjukuu, Kalin, na mimi.

Asubuhi hii alibisha hodi mwanamke nisiyemjua, ameshika bakuli la ngano ya kuchemsha, ile tunayokula msibani. Anaitwa Todorka, ni dereva wa basi kutoka Sevlievo. Kipande chake cha miaka sita ndicho kilichokuwa cha kwanza kwenye foleni, na dawa ameanza juzi.

"Pole, kaka," akasema. "Daktari aliniambia ni nani aliyeufuta ule mstari."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Amekaa pale nyuma. Tukitoka makaburini tuile ngano yake yote, isibaki hata punje, mnamjua dada. Alale kwa amani.