Nilijua Mtoto Anameza Nini

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, aliyenipeleka mbali akanirudisha nikiwa hai. Sifa ni zake. Mchungaji ameniruhusu nisome kutoka kwenye daftari. Mimi si msemaji, na elimu yangu ya darasa la saba mnaijua. Nikisimama hapa bila karatasi nitairuka ile sehemu ninayoiogopa, na leo sitaki kuiruka.

Mwaka jana mlinisindikiza kwa maombi hapa hapa mbele. Mlisema nimeitwa kwenda Kenya kujitolea kati ya wakimbizi. Mama mmoja alisema kwa machozi, tazameni, mwenzetu amefiwa na mtoto, na bado anakwenda kuhudumia watoto wa wengine. Niliinamisha kichwa mkadhani ni unyenyekevu. Ndugu zangu, sikuitwa. Nilikuwa naikimbia nyumba yangu. Kila asubuhi mume wangu, baba Tumaini, aliamka na neno moja mdomoni, jinsi nesi Veronika wa zahanati yetu alivyomuua mtoto wetu kwa uzembe. Mimi nilikuwa namkorogea uji huku nikijua kwamba si kweli.

Tumaini alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alikohoa wiki mbili, usiku na mchana. Majirani walisema ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwamba kimerefuka na lazima kikatwe. Baba yake alikataa kabisa. Alisema mtoto wake hataingizwa kisu mdomoni na mtu asiye daktari. Siku ya gulio, yeye akiwa shambani, nilimbeba Tumaini mgongoni nikampeleka kwa yule mzee wa ng'ambo ya mto. Nilimshika kichwa mwenyewe. Mzee alikata, akapaka unga mweusi, akasema kesho atakula.

Kesho yake hakula. Alikuwa anameza. Hana kitu mdomoni, hana titi, hana uji, lakini koo lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Nilimkimbiza zahanati akiwa wa moto na midomo imepauka. Nesi Veronika aliniuliza, "Mama, umempa dawa yoyote ya kienyeji? Amekatwa popote?" Nikasema hapana. Akajaribu kumfungua mdomo, mtoto akauma meno. Akaniuliza mara ya pili, akaniangalia machoni. Nikasema hapana, ni homa tu. Nilimwogopa mume wangu, na niliogopa kugombezwa mbele ya wanawake waliokaa kwenye benchi. Nesi akaanza kutafuta malaria. Gari la kumpeleka hospitali Kasulu lilipofika, Tumaini alikuwa ameshakata roho.

Mnajua yaliyofuata, kwa sababu mlikuwepo. Tulisema nesi ndiye aliyemuua. Tulisema hata hapa kanisani. Wanawake wakaacha kumpelekea watoto, wakawa wanapita nje ya zahanati yake wakitema mate, mpaka akaomba uhamisho. Neno langu moja lingemtetea, na sikulitoa.

Kwa hiyo niliposikia dayosisi inatafuta vijana wa kujitolea, nilijiandikisha. Nilipanda basi hadi Mwanza, nikavuka mpaka pale Sirari, nikapita Nairobi na Kitale, halafu barabara ya kushuka Turkana hadi Lodwar. Sikuwa nimewahi kuvuka hata mpaka wa mkoa. Lodwar joto linakupokea kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Wenyeji wangu wa kanisa pale walicheka kila nilipofungua mdomo. Mama aliyenipokea aliwaita jirani zake, "Kujeni msikie huyu. Anaongea kama redio." Walinifundisha kusema ejok, yaani hujambo, na mimi nikawafundisha kusema shikamoo, wakaona ni neno la ajabu. Waliponiuliza kama nina mtoto, niliwaambia sijazaa. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko ule wa kwanza.

Kanisa la Lodwar likanipeleka Kakuma, kambi ya wakimbizi, kwenye kliniki ndogo wanayoisaidia. Kule kuna Wasomali, Wasudani, Wakongo, na Warundi pia. Kiha chetu na Kirundi ni lugha za ndugu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa kati ya nesi na akina mama wa Kirundi wasiojua Kiswahili. Nesi mwenyewe tulimwita Sista Akiru, Mturkana mrefu mwenye ushanga shingoni chini ya koti jeupe, asiyependa maneno mengi. Kwa miezi mitatu nilifanya kazi vizuri. Nilianza hata kulala usingizi.

Siku moja saa tatu asubuhi akaingia mwanamke kijana anaitwa Godeliva na mtoto wake wa kiume, Eloji, mwaka mmoja na kidogo. Mtoto alikuwa wa moto, midomo imepauka. Sista Akiru akaniambia, "Muulize imeanza lini." Nikageuka kumuuliza, nikamtazama mtoto shingoni.

Alikuwa anameza.

Ndugu zangu, nilijua papo hapo anameza nini. Katika chumba kile hakuna mwingine aliyejua, isipokuwa mama yake. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu, mwangalieni mtoto koo. Sikuyasema, kwa sababu Sista Akiru angeniuliza, umejuaje? Na jibu la swali hilo nilikuwa nimelizika.

Badala yake nilitafsiri. Niliulizwa, nikauliza. "Amekatwa popote? Amepewa dawa za nyumbani?" Godeliva akasema, "Oya," yaani hapana. Mimi nikasema kwa Kiswahili, "Hapana." Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe kwa mara ya pili.

Sista akajaribu mdomo, mtoto akauma meno. Wakapima malaria, hakuna. Wakatundika dripu. Saa zikaenda. Saa sita Sista akaangalia viganja vya mtoto, akasema, "Huyu anaisha damu na mimi sioni inaenda wapi. Twende Lodwar." Akaniambia nipande ambulensi ili nitafsiri njiani.

Nyuma ya gari tulikuwa wanne, Sista, Godeliva, mimi, na mtoto kwenye magoti ya mama yake. Barabara ile inapita nchi tupu, mawe na miiba, na simu hukosa mtandao sehemu ndefu. Mimi nilikuwa nimekaa uso kwa uso na lile koo. Linapanda, linashuka. Nilijaribu kuomba nikashindwa, kwa sababu kila nilipoanza kusema Bwana mponye mtoto huyu, nilisikia jibu moja tu moyoni, wewe unajua. Nilijaribu kuangalia nje. Nikajiambia kwamba madaktari wa Lodwar ni wakubwa, wataona wenyewe. Nikajiambia kwamba mimi ni mkalimani tu, si kazi yangu. Halafu mtoto akaacha kulia. Mama yake alifurahi, akaniambia kwa Kirundi, "Amepata nafuu, ananyamaza." Tumaini naye alinyamaza hivyo hivyo.

Nikasema, "Godeliva, alikatwa kimio lini?"

Akakaza macho. "Nimeshasema oya. Kwa nini unanirudia?"

"Kwa sababu mimi pia nilisema oya."

Akaniangalia. Nikamwambia yote kwa lugha yetu, hata sikujua kama nalia. Nikamwambia, "Mimi nilikuwa na binti. Anaitwa Tumaini. Nilimshika kichwa akakatwa, nesi akaniuliza mara mbili, nikasema hapana mara mbili. Alikuwa anameza hivi hivi. Ilikuwa damu. Tulimzika."

Godeliva akamvuta mtoto kifuani. Akasema, "Wataniandika. Watachukua kadi yangu ya chakula, watasema mimi ni mama mbaya."

Nikamwambia, "Waache waandike. Mimi hawakuniandika, na sina mtoto."

Akatazama mtoto wake. Akasema kwa sauti ndogo, "Jana asubuhi. Kuna mama mmoja kule kambini anakata."

Sista Akiru alikuwa anatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Mnasema nini nyinyi wawili?"

Nikasema, "Mtoto amekatwa kimio jana. Damu inatoka kooni, anaimeza."

Hakuuliza lingine. Alimlaza mtoto ubavu, akashusha kichwa chake, na damu ikaanza kutoka mdomoni ikalowesha sketi ya mama yake. Ilikuwa nyingi. Akagonga dirisha la dereva, "Ekai! Simama pale penye mtandao iko!" Dereva akajibu kwamba mtandao tumeuacha nyuma, wa mbele uko mwinuko ule kule. Ningesema dakika kumi kabla, simu ingepigwa pale pale. Tulienda na ule mwinuko hausogei. Mtoto alianza kupumua kwa kukatakata. Godeliva alinishika mkono, kucha zikaingia kwenye nyama. Hatimaye gari likasimama juu ya mawe, Sista akaruka chini na simu juu ya kichwa chake, tukamsikia akipiga kelele, "Koo! Nimesema koo! Tengenezeni damu sasa hivi, si mpaka tufike."

Tulipofika Lodwar walikuwa mlangoni wakitungoja, na damu ilikuwa tayari. Wakamchukua mtoto mbio kwenda chumba cha upasuaji. Tulikaa kwenye sakafu ya ukumbi, mimi na Godeliva, migongo ukutani. Baadaye daktari alitoka, akavua kofia yake, akasema mtoto yuko hai. Akamwambia Sista, "Mulifanya vizuri kupiga simu. Ingepita nusu saa tena, hapa hakuna mtoto."

Nusu saa. Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimekaa kimya tangu saa tatu.

Sista Akiru akaniita pembeni. Akaniuliza, "Dada, wewe ulijua saa ngapi?"

Nikamwambia, "Alipoingia tu mlangoni."

Alitoa kalamu mfukoni mwa koti. Halafu akasema, "Hiyo mimi nitaandika." Na akaandika. Sikumlaumu, na simlaumu. Sikurudishwa tena kukaa na wagonjwa. Miezi iliyobaki nilishona mashuka na mapazia ya kliniki, kazi ninayoijua. Sista alikuwa anapita pale kwenye cherehani, ananisalimia ejok, anaendelea na shughuli zake. Siku ya kuondoka kwangu ndipo alikaa kidogo. Alisema, "Usikuje kusema huko kwenu ati wewe uliokoa mtoto." Nikamwahidi. Ninatimiza ahadi hiyo mbele yenu.

Godeliva alikuwa ananiletea Eloji nimwone. Hawakumnyang'anya kadi, walimwita wakakaa naye, wakazungumza. Mara ya mwisho alimweka mtoto mapajani mwangu akasema, "Mshike wewe, mimi amenichosha. Anakula kuliko baba yake." Nilimshika. Nilimtazama koo kwa muda mrefu, lilikuwa limetulia.

Wengine mtasema Mungu aliniokoa kwa sababu nilisema ukweli. Mimi naona vingine. Nilisema nikiwa nimechelewa, nikiwa nimebanwa ndani ya gari, sina pa kukimbilia. Yeye ndiye aliyeongeza ile nusu saa, nami sikuistahili. Kwa Tumaini haikuongezwa. Kwa nini, sijui, na nimeacha kujifanya najua. Najua tu kwamba siku ile nilitamka jina la mwanangu kwa ukweli kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na kile kilichokuwa kimenikaba tangu pale kwenye benchi la zahanati kiliniachia. Huo ndio ukombozi wangu. Namshukuru Bwana kwa huo.

Niliporudi nilimwambia baba Tumaini kwanza. Nilimwambia mchana, akiwa anapukuchua mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda kwa kaka yake, akakaa siku tatu. Aliporudi alichukua jembe akaenda shamba. Leo amekaa pale nyuma karibu na mlango. Kama amenisamehe sijui. Amekuja.

Akina mama wenzangu wenye watoto wadogo, nawaomba. Nesi akikuuliza, mwambie. Akikugombeza, mwache akugombeze, ili mtoto wako awe hai asikie mnagombana. Na wewe mwenye jambo ulilolizika, lolote lile, Bwana alishakuwepo siku ile ulipolifanya. Humwambii jipya. Mtegemee, fungua mdomo.

Limebaki moja, nalo ndilo nililokuwa naogopa kulisoma. Nesi Veronika yuko hai, yuko zahanati nyingine upande wa Kibondo. Nimemtumia ujumbe kwamba nakwenda kumwona, hajajibu. Nitakwenda Jumatano. Nitamwambia mbele ya watu anaofanya nao kazi kwamba aliniuliza mara mbili, na mimi nikamdanganya mara mbili. Anaweza kunifukuza, ana haki.

Lakini, ndugu zangu, uongo niliuanza mimi peke yangu, lakini mate sikuyatema peke yangu. Mnajijua. Siwanyooshei kidole, na sitaki mtu ainue mkono sasa wakati kwaya inaimba, kwa sababu mkono wa kanisani unashuka haraka. Jumatano saa moja asubuhi nitakuwa pale gulioni yanapopakia magari. Anayetaka twende kumwomba msamaha, anikute pale.