Mlango wa Kontena la Kuondoa Harufu: Risala ya Wanawake wa Banda la Mitumba, Lae

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mama Tobung, mjumbe wa baraza la mkoa unayeshughulikia biashara na ajira, Bwana Meneja na wasaidizi wako, Mchungaji, wazazi wa mwenzetu marehemu Dorkas Yawising, mliotoka Bukawa kwa boti na mvua ikiwanyeshea njia nzima, jirani zetu wa bandarini, mabibi na mabwana:

Sisi wanawake wa banda hili la mitumba, ambalo mji mzima unaliita Banda la Harufu, tunakukaribisha, Mheshimiwa. Tunaona umesimama kwenye tope na viatu vyako si vya tope. Wengine wamewahi kufika hadi getini, wakatazama mbingu ya Lae, wakageuza gari. Wewe umeshuka. Kwa hilo peke yake tunakushukuru.

Msomaji wa risala hii ni Melisa Gware. Tumemchagua kwa sababu sauti yake inasikika hata bati likipigwa na mvua. Maneno ni yetu sote. Ofisi ilituandalia risala nyingine, fupi na nzuri, yenye shukrani nyingi. Tunaishukuru ofisi. Hiyo tutaisoma siku nyingine.

HISTORIA YETU

Mheshimiwa, nguo zinazouzwa hapa mjini na juu milimani hadi Goroka zinafika kwetu kwanza. Zinatoka Australia ndani ya makontena, zimebanwa katika marobota. Ukikata mkanda wa robota, nguo zinafura kama mkate, na harufu inatoka kabla ya nguo. Kuna ukungu. Kuna jasho la kwapa lililokomaa. Kuna sigara, mbwa, mafuta ya kukaangia, na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo ambavyo kila bibi wa kule huviweka kabatini. Mtu hanunui shati linalonuka mtu mwingine. Kazi yetu ni kumtoa huyo mtu mwingine.

Tulianza na ndoo, siki na magadi. Nguo yenye kwapa tunaigeuza ndani nje, tunailoweka kwenye siki, tunaisugua, tunaisuuza. Sweta la sufu halitaki maji mengi. Tunalinyunyizia magadi, tunalikunja, tunaliacha litulie, kisha tunalikung'uta. Hatupigi pasi nguo ambayo bado inanuka, maana moto unaishindilia harufu ndani na haitoki tena. Baada ya hapo ni jua.

Hapo kwenye jua ndipo tulipokwama. Nguo ikikaa mbichi chini ya mvua yetu hii, uvundo unarudi mbaya kuliko ulivyokuja.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa yalikuwa Dorkas.

Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, midomo myekundu kwa kutafuna popoo tangu asubuhi. Alikuja hapa mumewe alipomwacha na kwenda migodini. Alikaa mwanzo wa meza, robota likifunguliwa yeye ndiye wa kwanza kunusa: hii siki, hii magadi, hii tupa. Tulikuwa tukimchokoza ili siku iende.

"Dorkas, koti hili lilikuwa la nani?"

"La mzee mgane. Anavuta kiko, analala na mbwa kitandani, na anakaanga vitunguu usiku."

"Maskini! Hana mtu kabisa?"

"Mbwa hajamwacha bado."

"Basi ninusie na mimi mchumba."

"Nimeshakunusia wengi, dada. Wote wananukia marashi ya mke."

Hata Kepas, msimamizi wetu, kijana wa milimani asiyecheka ovyo, alikuwa akigeuza uso ukutani mabega yakimtikisika. Mheshimiwa, tulicheka sana katika banda hili. Tunataka ujue hivyo kabla hatujaendelea.

Mafanikio mengine yameandikwa katika risala ya ofisi.

CHANGAMOTO

Mwaka jana kampuni ilileta kontena la kuondoa harufu. Lilikuwa kontena la baridi la zamani, la kusafirishia samaki, lenye kuta nene na mlango mzito. Ndani walifunga mashine inayotengeneza hewa ya ozoni. Nguo zinatundikwa, mlango unafungwa, mashine inanguruma, na zikitoka hazinuki kitu. Si siki, si jua, si sabuni. Hazinuki kitu kabisa. Sisi wenyewe tulishangilia. Mikono yetu ilikuwa imechubuka kwa siki, na tuliona mwisho wake umefika.

Fundi aliyelifunga alituambia kwamba hewa ile si ya kuvuta. Mashine ikizimwa, mlango uachwe wazi muda mrefu ndipo mtu aingie. Mwanzoni tulifanya hivyo. Kisha maduka yakaongezeka, malori yakawa yanasubiri getini, na kule kusubiri kukawa kunapunguzwa kidogo, halafu kidogo tena. Tulianza kukohoa. Dorkas ndiye aliyekohoa zaidi, kwa kuwa alikuwa mwepesi na ndiye aliyeingia kutundika na kutundua.

Siku moja alishika shati, akalinusa, akalinusa tena.

"Melisa, hili linanuka nini?"

"Sigara, Dorkas. Hata mimi naisikia nikiwa huku."

"Mimi siisikii."

Akalirudisha mezani. Siku ile hakutania mtu.

Alikwenda kwa Kepas. Tulikuwa tumesimama naye, kwa hiyo tulisikia.

"Kaka Kepas, hewa ile inaniua pua. Na kifua. Tuache mlango wazi kama fundi alivyosema."

"Unadhani mimi sitaki? Nimeambiwa lori likikosa mzigo nikae nyumbani kwangu."

"Basi waambie na kitasa. Ndani hakuna kitasa."

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema nani anahitaji kitasa cha ndani? Nguo hazitoki zenyewe."

Mheshimiwa, ni kweli. Kitasa cha ndani kiling'oka kabla kontena halijafika kwetu. Palibaki tundu, na tundu likazibwa kwa kipande cha bati ili hewa isivuje.

Ilikuwa mchana, wiki moja ambayo mvua haikukatika. Mzigo wa Goroka ulikuwa ndani ya kontena na dereva alikuwa akipiga honi. Umeme ukakatika, mashine ikazimika yenyewe. Dorkas akaona ni nafasi ya kutoa zile nguo. Akavua ndara zake nje, kama tulivyoagizwa tusichafue sakafu, akaingia hadi mwisho kabisa, nyuma ya makoti marefu.

Umeme ukarudi. Mashine ikawaka. Kepas alikuwa anapita na mzigo begani, akaona mlango uko wazi na mashine inanguruma. Aliagizwa kwamba hilo lisitokee kamwe, kwa kuwa hewa inapotea na banda zima linaumwa. Akausukuma kwa mguu, akashusha komeo, akaenda zake.

Hatukusikia kitu. Bati linapopigwa na mvua ya Lae, hata wewe na mimi tungelazimika kupigiana kelele masikioni. Yaliyotokea ndani tunayajua kwa sababu Dorkas alitusimulia mwenyewe hospitalini, kwa sauti ya kukwaruza, akipumzika kila baada ya maneno machache.

Alisema kwanza alicheka. Alidhani ni utani wa mmoja wetu. Akapapasa mlango gizani, akaukuta ubaridi wa lile bati. Akagonga kwa ngumi. Akachukua kiango cha nguo akagonga nacho hadi kikavunjika. Aliisikia harufu kali kama ile ya radi ikipiga karibu, na akashangaa, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hajasikia harufu yoyote. Halafu hata hiyo ikaondoka. Macho yakawaka moto. Akayaangusha makoti, akajifunika kichwa, akayauma kwa meno ili avute hewa kupitia kitambaa. Alisema alikuwa akiwaza jambo moja tu: kwamba alimwacha mama yake kijijini akipalilia viazi, na kwamba asingependa mtu ampelekee habari akiwa peke yake shambani.

Huku nje dereva aliondoka kwa hasira. Tukauliza, "Dorkas yuko wapi?" Mtu akasema ameenda kununua popoo. Melisa, huyu anayewasomea, ndiye aliyeziona zile ndara mlangoni, zimepangwa pamoja, zinaangalia ndani.

Tulipofungua, alikuwa amelala karibu na kizingiti. Kepas alimbeba mwenyewe hadi barabarani, akasimama mbele ya gari la watu asiowajua na kukataa kutoka.

Aliishi siku chache. Siku ya mwisho alimwambia Melisa, "Msimlaumu Kepas. Angeuacha wazi angefukuzwa, na mwingine angeufunga." Kisha akaomba popoo. Muuguzi alikataa. Tukampa kwa kificho, akaiweka shavuni bila kuitafuna, akasema haina ladha. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwetu.

Kampuni ilileta mchele, samaki wa kopo na robota la nguo kwenye kibanda cha matanga. Tunashukuru. Ofisi pia ilitoa taarifa yake. Taarifa inasema mfanyakazi aliingia bila ruhusa. Kepas amefukuzwa kazi kwa uzembe, na tangu hapo jambo linahesabiwa limekwisha.

Mama yake Dorkas, Mama Gedisa, ambaye amekaa pale kwenye kiti cha pili, hakutuomba mchele. Alituomba nguo moja ya mwanawe ambayo haijafuliwa. Tulielewa mara moja. Kazi yetu ni harufu. Sisi ndio tunaojua kwamba mtu anabaki katika nguo yake muda mrefu baada ya kuivua. Tukakumbuka sweta lake jekundu. Alikuwa akilivaa asubuhi na kulitundika kwenye msumari ukutani kabla ya kazi. Tukaenda kulichukua.

Msumari ulikuwa mtupu. Msimamizi mpya alikuwa ameagiza kila nguo iliyotundikwa ukutani iingizwe kwenye kontena pamoja na mzigo. Tulilikuta kwenye fungu la kwenda dukani, limekunjwa vizuri.

Tulilipeleka hivyo hivyo, maana hatukuwa na lingine. Mama Gedisa alilipokea kwa mikono miwili, akauzika uso wake humo. Akaligeuza, akatafuta kwapani, akatafuta shingoni.

"Mmelifua?"

"Hatujalifua, mama."

"Mbona halina mtu?"

Mheshimiwa, tumeondoa harufu katika nguo za watu wengi.

MAOMBI

Leo umealikwa kuzindua kontena la pili. Ni hilo hapo nyuma yako, lenye rangi mpya ya bluu na utepe mwekundu. Hatuombi liondolewe. Tunajua mvua haitaondoka, nguo zitaendelea kuja, na watoto wetu wanakula kwa kazi hii.

Tunaomba ile taarifa irekebishwe. Dorkas aliingia kazini kwake, kufanya kazi yake. Neno "bila ruhusa" lifutwe, kwa kuwa wazazi wake wanaliona kama doa juu ya kaburi, na doa la namna hiyo sisi hatuna siki ya kulitoa.

Tunaomba Kepas arudishwe, au angalau asibebeshwe peke yake mlango ambao si yeye aliyeutengeneza. Alikuja matangani na nguruwe wa kuomba radhi, kwa desturi yetu, aliyemnunua kwa kuuza redio na godoro lake, akakaa chini kwenye tope tupu hadi Mama Gedisa alipomwambia, "Inuka, mwanangu, utaumwa." Walio juu yake hatujawaona wakikaa chini mahali popote.

Tunaomba kabla ya mlango wowote kufungwa, majina yaitwe na kila mmoja aitike. Tunaomba tujengewe paa la kuanikia, lililo wazi pande zote, ili nguo nyingi zirudi kwenye siki na upepo, na hewa ile itumike pale tu inapobidi.

Na tunaomba vitasa. Cha kontena la zamani, na cha hili jipya. Maana jana tulipewa matambara tulipanguse ili liwe safi mbele yako, na tulilipangusa ndani na nje. Mlango wake, upande wa ndani, ni bapa tupu.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, mkasi wako uko juu ya sahani, na utepe unakusubiri. Kabla hujaukata, tunakuomba jambo dogo. Ingia mwenyewe ndani ya kontena hili. Usiogope, mashine haijaunganishwa, na sisi wote tutasimama kizingitini kuushika mlango usijifunge. Geuka, uutazame kwa upande ule. Ukitoka, fanya utakaloona linafaa, na kama ni kukata utepe, tutapiga makofi.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, Mheshimiwa. Akulinde unapoingia, na kila utakapoingia akupe njia ya kutoka.

Ni sisi,
Wanawake wa Banda la Harufu,
Lae.